Ufaransa Walipima Sukari, Sisi Tukamwaga Pombe

Wasee, leo ni historia, lakini ya sufuria, si ya wafalme. Swali ni moja: pombe ya nyumbani ikikosa sukari ya kutosha, unafanyaje? Ukiona ni swali ndogo, ngoja. Kuna nchi iliandika kitabu juu ya jibu, ikaandamana, ikatunga sheria. Kuna nyingine ilituma karao. Hiyo ya pili unaijua.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Hamira ni kitu hai na chakula chake ni sukari. Inakula, inatoa kileo na hewa, na yale mapovu unaona yakipanda ni hiyo hewa ikitoroka. Sukari ikiwa kidogo, chakula kinaisha mapema, povu linalala, na unabaki na kitu hafifu kinachoharibika haraka. Dawa inajulikana: unaongeza sukari kazi ikiendelea, kidogo kidogo, ikiwa imeyeyushwa kwanza. Ukiimwaga yote mara moja hamira inalemewa na inaweza kusimama kabisa. Hata hesabu iko: karibu gramu 17 za sukari kwa lita moja zinapandisha kileo kwa asilimia 1.

Sasa usidhani shosho zetu walikuwa wanabahatisha. Angalia busaa. Hamira haiwezi kula wanga wa mahindi moja kwa moja. Kwa hivyo unga unalowekwa siku kadhaa, unakaangwa kwenye karai kubwa, halafu unachanganywa na kimea, yaani wimbi iliyooteshwa ikakaushwa na kusagwa. Kile kimea ndicho kinavunja wanga kuwa sukari. Muratina nayo, sukari ilitoka kwa asali au maji ya miwa, na lile tunda la mwegea lililokaushwa lilibeba hamira kutoka pombe moja hadi nyingine. Ikiwa hafifu, unajua pa kugusa: kimea, asali au miwa. Kipimo kilikuwa ulimi, sikio na siku. Hiyo ni kemia, maze, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Twende Ufaransa kidogo. Jean-Antoine Chaptal alikuwa mwanakemia na pia waziri wa mambo ya ndani wakati wa Napoleon. Mwaka wa 1801 alichapisha kitabu kuhusu kutengeneza mvinyo, na humo akaeleza kwamba zabibu zikikosa utamu, ongeza sukari kabla mvinyo haujamaliza kuchacha. Mbinu hiyo ikapewa jina lake mpaka leo. Msee ameongeza sukari kwa pipa, anaitwa mwanasayansi.

Na si ati mambo yalienda sawa. Watu wakaanza kutumia sukari na maji kutengeneza mvinyo feki, bei ikaanguka, na mwaka wa 1907 wakulima wa kusini wakajaa barabarani kwa mamia ya maelfu. Wanajeshi wakatumwa, na pale Narbonne watu wakapigwa risasi wakafa. Lakini serikali haikupiga mvinyo marufuku. Mwezi huo huo wa Juni ilipitisha sheria: sukari ya mvinyo itozwe ushuru, na mkulima atangaze amevuna kiasi gani. Kwa ufupi, walipima.

Huku kwetu, angalia mwaka mmoja tu, 1922. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianzishwa karibu na Kisumu, na Kenya Breweries ikaanza Nairobi. Bia hiyo ya kiwandani Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Pombe yake mwenyewe nayo, mjini, ilikuwa biashara ya manispaa: Pumwani kulikuwa na ukumbi wa pombe wa serikali ya mji, na mama aliyepika kwake alikuwa mhalifu. Pombe ni ile ile. Tofauti ni nani anashika chapaa.

Uhuru ukaja, na tukaendeleza mchezo. Mwaka wa 1980 tukapata sheria ya kupiga chang'aa marufuku, na ikakaa miaka 30 mpaka sheria mpya ya vileo ya 2010 ilipoifuta. Katikati hapo, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi wao mitaa ya Mukuru, na wengine wakapoteza macho. Kilichowaua ni methanoli, kileo cha viwandani. Mei 2014 ikatokea tena, Embu, Kiambu na kwingine.

Hapa ndipo nataka tusikizane. Hakuna kimea wala sukari inayoweza kutoa methanoli ya kuua mtaa mzima. Hiyo hununuliwa ikamwagwa ndani. Na mimi naona inamwagwa kwa sababu pombe iliyokosa nguvu inahitaji muda, na mtu anayejificha hana muda. Kuongeza sukari kidogo kidogo ni siku kadhaa za kusubiri, na harufu inasambaa ploti nzima. Methanoli ni dakika moja. Ukimnyima mpishi muda, usishangae akitafuta njia ya mkato.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Kwani unataka vijana walewe?" Hapana. Kila mtaa una familia imevunjwa na chupa, na hiyo siwezi kuifanyia mzaha. Lakini sheria ya 2010 ilisema wazi kwamba ukitaka kuuza uwe na leseni na ufuate viwango. Kwa karatasi ni sawa. Uliza sasa mama anayepika busaa kibandani ili alipe fees za watoto: leseni ataitoa wapi, na ni nani atamfundisha kupima? Haidromita ni kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Si mashine ya NASA. Bado tunapeleka rungu kwanza.

Historia inaniambia kitu kimoja. Watu hawajawahi kuacha kupika pombe kwa sababu imekatazwa, si chini ya Mzungu, si chini yetu. Kinachobadilika ni kama anayepika anaweza kusimama mchana aulize, "Hii imekosa sukari, nifanye nini?" bila kuogopa jibu litakuja na pingu. Mukuru ilitulipisha zaidi ya maisha 100 kwa ajili ya hilo swali. Tuanze kulijibu.