Chokaa Inavyorudi Kuwa Jiwe

Huko Shanga, kisiwani Pate, misikiti ya mwanzo ilikuwa ya miti na udongo. Kufikia karne ya 10 waashi walikuwa wakitoa matumbawe mabichi baharini, wakiyachonga yakiwa bado laini, kisha wakiyapanga kwa udongo. Kilichoibadili pwani nzima kilikuja baadaye, nacho ni chokaa. Kwa chokaa nzuri fundi hahitaji jiwe lililochongwa. Hata mawe ya ovyoovyo ya mwamba hushikamana yakawa ukuta. Ndiyo maana mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan ibn Sulaiman wa Kilwa aliweza kuinua kasri la Husuni Kubwa juu ya genge.

Tanuri la chokaa halikuwa na kuta. Magogo yalipangwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pakaachwa tundu la kutia moto, juu yakarundikwa matumbawe. Joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe huvunjika: kila kilo 100 za kabonati ya kalsiamu hutoa kilo 44 za hewa ukaa na kubakiza kilo 56 za chokaa. Chokaa hiyo humwagiwa maji na kuachwa ilale, pengine kwa miezi. Ikishapakwa ukutani, huanza kuivuta hewa ukaa tena, polepole, kwa miaka, hadi irudie kuwa kabonati. Moshi wa kuni, hata hivyo, haurudi ukutani. Wanaoisifu chokaa ya kale kuwa safi kabisa huisahau miti iliyoteketea chini yake.

Mwaka 1824 Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, alipata hataza ya saruji ya Portland. Saruji haisubiri miaka, na huganda hata ndani ya maji. Fundi gani angeikataa? Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza kuizalisha mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Mji Mkongwe wa Zanzibar nao ukaanza kuzibwa nyufa kwa saruji, kosa ambalo kuta zinalilipia hadi leo: ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua, saruji huufungia unyevu ndani, na plasta hubanduka. Duniani, saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Ajabu ni kwamba mmoja wa waliojaribu kuipunguza hewa hiyo aliwahi kuwa mtafiti wa matumbawe. Brent Constantz alichunguza jinsi matumbawe yanavyojijengea mifupa, na mwaka 2007 akaanzisha kampuni ya Calera huko Kalifonia, iliyokusudia kuigeuza hewa ukaa ya mitambo ya umeme kuwa kabonati ya kujengea. Baadhi ya ujuzi huo ulihamia Fortera, kampuni iliyofungua kiwanda chake huko Redding, Kalifonia, mwaka 2024. Huko jiwe la chokaa huchomwa, ila hewa inayotoka hukamatwa na kurudishwa kwenye chokaa, ikapatikana kabonati ya unga. Unga huo ukitiwa maji hubadili umbo la fuwele zake, nazo zikashikana na kuwa kigumu.

Kikwazo kikubwa ni nondo. Saruji ya kawaida ina ukali wa alkali unaokikinga chuma kisipate kutu; kabonati haina kinga hiyo. Kwa hiyo, kwa sasa, unga wa Redding huchanganywa zaidi na saruji ileile ya Portland ambayo unga huo ulikusudiwa kuipunguza.