Mfupa wa Ishango na Namba 168

Kaskazini ya Goma, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, pana mahali paitwapo Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba udongo pale, akakuta vyusa vya mfupa vya wavuvi wa kale. Kati ya vitu hivyo palikuwa na mfupa mdogo, wa urefu wa sentimeta 10 hivi, wenye kijiwe kilichopachikwa kwenye ncha. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Leo watunzwa mjini Bruxelles, mbali na wana wa Kivu.

Mfupa huo umekatwa alama katika safu tatu, nazo zimegawanyika mafungu mafungu. Safu ya kwanza ina 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9, jumla tena 60. Ya tatu ina 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, kisha 5 na 7, jumla 48. Zote pamoja ni alama 168.

Basi wengine walisema: Tazameni, 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, tena ndizo zote zilizo kati ya 10 na 20. Kumbe wazee wetu walizijua namba tasa! Mwamerika Alexander Marshack aliona jambo lingine, akafikiri kwamba alama hizo zafuata siku za mwezi wa angani, kwa sababu 60 yakaribia miezi miwili.

Tupime maneno hayo kwa akili tulivu. Namba 11 na 13 zazunguka 12. 17 na 19 zazunguka 18. Vivyo hivyo safu ya pili: 9 na 11 zazunguka 10, 19 na 21 zazunguka 20. Mtu aweza kupata namba hizo kwa kuongeza moja na kupunguza moja, bila kujua kugawanya. Tena, chini ya 1,000 namba tasa ni 168 kamili, na juma lina saa 168. Nani atasema kwamba mvuvi wa Ishango alikuwa na saa mkononi? Sifa hizo ni za namba yenyewe. Si lazima ziwe mawazo ya mtu aliyeikata.

Lakini tusianguke upande wa pili, kama wale waliofundisha kwamba Mwafrika hakujua kuhesabu mpaka alipofika mgeni. Aliyeweka 3 karibu na 6, 4 karibu na 8, na 10 karibu na 5, yaelekea hakukata ovyo: yaonekana alijua kuzidisha mara mbili na kupunguza nusu. Na aliyetenga mafungu alitaka mwenzake ayasome.

Ndiyo maana mwalimu akisimama mbele ya watoto wa Kivu awaambie mambo mawili, wala asiache hata moja: kwamba kwao watu walihesabu tangu zamani sana, na kwamba sifa ya kweli haihitaji kuongezewa uongo. Babu aliyehesabu samaki wake vema hana haja ya kuvishwa kanzu ya profesa.