Jina la Mchungaji: Asili ya Majina ya Kilatini ya Korongo wa Nakuru

Jina la kisayansi hudhaniwa mara nyingi kuwa ni maelezo sahihi ya kitu chenyewe. Majina ya jamii ya korongo waonekanao katika maziwa ya Nakuru na Naivasha yaonyesha kwamba dhana hiyo ni kweli kwa sehemu tu.

Mwaka 1758 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alimwita korongo wa kijivu Ardea cinerea. Ardea ni neno walilolitumia Warumi wenyewe kwa korongo. Cinerea latokana na cinis, yaani jivu. Hapa jina na umbo vyapatana, na Kiswahili nacho kimepata neno ‘kijivu’ kwa njia iyo hiyo.

Sivyo ilivyo kwa yangeyange afuataye ng’ombe. Katika kitabu kicho hicho Linnaeus alimwita Ardea ibis. Lakini ibis, neno la Misri lililopitia Kiyunani hadi Kilatini, lilikuwa jina la kwarara aliyetukuzwa na Wamisri wa kale, ndege mwenye mdomo uliopinda. Mdomo wa yangeyange umenyooka. Ndege hao wote wawili huonekana Nakuru, na kuwatofautisha si jambo gumu.

Mwaka 1855 Charles Lucien Bonaparte alimweka yangeyange huyu katika jenasi ya peke yake, Bubulcus. Kwa Warumi, bubulcus alikuwa mtu aswagaye ng’ombe. Jina hilo lilitokana na mwenendo wa ndege: huandama kwato za ng’ombe na nyati ili adake panzi wanaokurupushwa nyasini. Hata hivyo, miaka ya karibuni uchunguzi wa nasaba umewafanya wataalamu wengi wamrejeshe katika Ardea. Na kwa kuwa kanuni za uainishaji hulipa haki jina la spishi lililotangulia, ibis limesalia. Kosa la 1758 limedumu, mchungaji ameondolewa.

Kanuni hiyo huipa sayansi majina yasiyoyumba, na kwa hiyo ina faida yake. Lakini mtunga istilahi za Kiswahili akifasiri Kilatini neno kwa neno, atamwita yangeyange kwarara, na hivyo kulitia kosa la kigeni katika lugha ambayo tayari ilikuwa imewatenganisha ndege hao kwa majina yao. Yampasa kuuliza kwanza wasemaji humwitaje ndege huyo.