Siku ya Mvua Bandarini Liuli

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwachukua safarini katika Ziwa Nyasa, tushuke pamoja katika bandari ndogo ambayo wengi huipita bila kujua habari zake.

Tulipanda meli ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, katika bandari ya Kiwira wilayani Kyela, mkoa wa Mbeya. Ilikuwa masika, na masika ya pande zile si haba. Milima ya Livingstone, iliyo kushoto kwa msafiri aendaye kusini, ilifunikwa na mawingu hata tusiione. Tulipofika Liuli mvua ilikuwa haijakatika. Tukashuka vivyo hivyo, tukalowa chapachapa.

Kwanza tulilitazama jiwe kubwa la Pomonda. Wajeremani walipoitawala nchi hii waliliona lafanana na ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, iitwayo Sphinx, wakaipa bandari jina la Sphinxhafen. Hapo ndipo walipoifanyia matengenezo meli yao, Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ulaya kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, ikaungwa, ikashushwa majini mwaka 1893.

Waingereza nao walikuwa na meli yao, Guendolen. Nahodha wake, Rhoades, na nahodha wa Kijeremani, Berndt, walikuwa marafiki. Vita vilipoanza Ulaya mwezi wa Agosti 1914, habari zilimfikia Rhoades kwanza. Akaja Liuli, akaikuta meli ya mwenzake imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mzinga. Yasimuliwa kwamba Berndt alitoka kwa mashua, amejaa hasira, akamwuliza rafiki yake kama amelewa. Ndipo alipoambiwa ya kuwa kuna vita, naye ni mateka.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, nasi tulicheka, tumejikunyata chini ya upenu. Lakini mvua ile ilitukumbusha yaliyofuata. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey lilivuka mpaka, likatwaa Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Na mwezi wa Agosti likaingia Iringa. Nyanda hizi hazikuwa na reli. Basi risasi na unga vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Pande zote mbili zilichukua wapagazi, wengi kwa nguvu. Walikwenda katika matope na baridi ya milimani, na njaa na maradhi vikawaua wengi kuliko risasi. Huko nyuma mashamba yakakosa mikono.

Dar es Salaam iko sanamu iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Majina ya manahodha wawili twayajua. Ya wapagazi walio wengi hatuyajui.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi wa Rungwe, Njombe na Iringa, tafuteni mzee aliyehadithiwa na baba yake habari za vita hivyo. Kaeni naye siku ya mvua, wakati jembe limepumzika, mkaandike jina la aliyechukua mzigo, kijiji alikotoka, na kama alirudi. Hiyo nayo ni historia, na hakuna atakayewaandikia msipoiandika wenyewe.