Fahamu: Metali 'inavyochapwa' bila kuyeyushwa, na nikeli ya Ngara inavyohusika

Printa nyingi za 3D za metali hutumia leza kuyeyusha unga, tabaka juu ya tabaka, hadi kifaa kitimie. Shida ni joto. Metali ikiyeyuka na kupoa haraka inaweza kupinda, kupasuka au kubaki na vitundu ndani.

Ndiyo maana watafiti wanatafuta njia za kujenga kifaa metali ikiwa bado ngumu, yaani bila kuifikisha kwenye kiwango cha kuyeyuka. Kwa nikeli, kiwango hicho ni nyuzi joto 1,455.

Njia tatu kubwa

*Kupuliza kwa kasi.* Unga wa metali unasukumwa na gesi ya naitrojeni au heliamu kwa kasi kuliko sauti. Chembe zikigonga chuma zinabonyea na kunata hapo hapo. Mbinu hii ilianzia Novosibirsk, Urusi ya Kisovieti, miaka ya 1980. Jeshi la Marekani huitumia kukarabati vipuri vya helikopta.

*Kusugua.* Fimbo ya metali inazungushwa kwa kasi huku ikikandamizwa. Msuguano unailainisha kama udongo wa mfinyanzi, kisha inapakwa tabaka kwa tabaka. Mzizi wake ni uchomeleaji wa msuguano uliobuniwa Uingereza mwaka 1991.

*Kutikisa.* Karatasi nyembamba za metali zinabanwa na kutikiswa kama mara 20,000 kwa sekunde hadi zishikane.

Zote bado zina mapungufu. Kifaa kinatoka na sura ya juu juu tu, hivyo lazima kichongwe tena kwa mashine. Metali ngumu kama nikeli nayo inadai presha na joto zaidi kuliko alumini.

Kagera wanaijua siku nyingi

Wazo lenyewe si geni huku. Warongo, wafua chuma wa maeneo ya Biharamulo na Geita, na Wahaya wa kaskazini yao, walitengeneza chuma kwa tanuri la udongo, makaa na mivukuto. Ndani ya tanuri, mavi ya chuma yaliyeyuka na kuchuruzika, lakini chuma chenyewe kilibaki bonge. Fundi alilipasha moto na kulifua mpaka vipande vishikane vikiwa vigumu, akapata jembe.

Teknolojia ya Wahaya ilitangazwa kwenye jarida la kisayansi la *Science* mwaka 1978 na Peter Schmidt na Donald Avery, Wamarekani waliofanya utafiti Kagera.

Nikeli inaingiaje?

Kabanga, wilayani Ngara, kuna hazina kubwa ya nikeli, pamoja na shaba na kobalti. Januari 2021 Serikali ilisaini mkataba na kampuni ya Kabanga Nickel. Ikazaliwa Tembo Nickel, ambayo Serikali ina hisa asilimia 16. Mpango ni mgodi uwe Ngara na kiwanda cha kusafisha metali kiwe Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi.

Kusafishia nchini ni hoja nzito, kwa sababu mwaka 2017 Tanzania ilizuia kusafirisha makinikia nje.

Tuwe wakweli: sehemu kubwa ya nikeli duniani huishia kwenye chuma kisichoshika kutu, na nyingine kwenye betri. Printa zinatumia kidogo sana. Lakini unga wake una bei kuliko nikeli ya kawaida, kwani unahitaji kiwanda cha ziada cha kuusaga au kuutawanya kwa gesi.

Faida ya karibu iko wapi?

Kwenye ukarabati. Shafti au pampu ikilika mgodini, kipuri kipya kinaagizwa mbali na kazi inasimama. Mashine ya kupuliza unga inaweza kujazia palipolika, fundi akachonga, mtambo ukarudi kazini.

Kwa hiyo kijana wa Ngara au Biharamulo anayesoma VETA, uchongaji wa vyuma na uchomeleaji bado ni msingi. Mbinu hizi mpya zinaanzia hapo hapo.