Majira ya Kuchipua Ugenini: Robert na Elizabeth Browning Katika Italia

Tarehe 12 Septemba 1846, mwanamke wa miaka 40, mgonjwa wa kifua na mtunga mashairi mwenye sifa kubwa katika Uingereza, alitoka nyumbani kwa baba yake katika Wimpole Street, London, akifuatana na mtumishi wake, Elizabeth Wilson. Alikwenda katika kanisa la Marylebone, akaolewa na malenga aliyekuwa mdogo wake kwa miaka sita, kisha akaivua pete kidoleni akarejea nyumbani kana kwamba hakuna lililotokea. Siku saba baadaye Elizabeth Barrett, ambaye sasa alikuwa Bibi Browning, alitoka tena na mtumishi yule yule na mbwa wake Flush. Safari hii hakurudi. Alivuka bahari pamoja na mumewe mpaka Ufaransa, wakaendelea mpaka Italia, na huko wakafanya maskani yao kwa miaka karibu 15.

Maisha yao yamesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mapenzi, na hapana shaka mapenzi yalikuwapo. Lakini barua walizoandika, nazo ni nyingi mno, zinaonyesha jambo jingine ambalo wapenda hadithi hulipita kwa haraka. Watu hawa wawili walikuwa wageni katika nchi ya watu, na mmoja wao alikuwa amefukuzwa katika moyo wa baba yake. Ukoo walioukosa ilibidi waujenge upya kwa marafiki, na kazi hiyo ya ujenzi ilikuwa na majira yake.

Msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki hahitaji kuelezwa sana namna majira yanavyoweza kutawala safari za watu. Anajua kwamba kaskazi huleta majahazi na kusi huyarudisha, na kwamba nahodha aliyechelewa kung'oa nanga hungoja bandarini mpaka pepo zigeuke. Kwa Elizabeth Browning, baridi ilikuwa kama pepo hizo. Tangu ujana wake mapafu yake yalikuwa dhaifu, naye alizoea kutumia dawa ya afyuni ili apate usingizi. Kuanzia mwezi wa Novemba mara nyingi alikaa ndani, karibu na moto, madirisha yakiwa yamefungwa. Majira ya kuchipua yalipowadia, mlango ulifunguliwa. Hapo ndipo alipotoka kwenda kuona watu, na hapo ndipo lilipozuka kila mwaka swali moja lenye uchungu: waende wapi?

Majira yao ya kwanza ya kuchipua waliyapata mjini Pisa, mwaka 1847, nayo hayakuwa ya furaha tu. Mwezi Machi Elizabeth aliharibu mimba. Hata hivyo ni katika miezi hiyo ya Pisa alipotunga shairi lake juu ya mtumwa mwanamke anayekimbia, ambalo lilitolewa mjini Boston na watu waliokuwa wakipinga utumwa. Jambo hili lina uzito wake. Mali ya ukoo wa Barrett ilitoka katika mashamba ya miwa ya Jamaica, mashamba yaliyolimwa na watumwa, na hata fedha zilizomwezesha Elizabeth kuishi Italia hazikuwa mbali na chanzo hicho. Sehemu ya mapato yake ilitokana na hisa katika meli iliyoitwa David Lyon, iliyofanya biashara na visiwa hivyo. Basi binti aliyeikimbia nyumba ya baba yake alijua alichokikimbia, na alijua pia kwamba hakukikimbia chote.

Mwezi Aprili wakahamia Florence. Baada ya miezi michache walipanga vyumba katika jumba la Guidi, karibu na jumba la mtawala, likielekeana na kanisa la San Felice. Mwaka uliofuata walivichukua vyumba hivyo vikiwa vitupu, kwa kodi ya gini 25 kwa mwaka, wakaanza kununua samani kidogo kidogo. Ingekuwa vigumu kupata makao ya namna hiyo London kwa fedha kama hizo. Hii ni sababu moja iliyowafanya Waingereza na Wamarekani wengi wa karne ile, hasa wasanii na watunzi, kumiminika Italia: jua lilikuwa la bure, na kodi ilikuwa ndogo. Tena vyumba vyenyewe vilikuwa chombo cha safari. Bwana na Bibi Browning walipotaka kusafiri, waliweza kuvipangisha kwa wageni wengine, na kodi hiyo ikasaidia nauli.

Katika madirisha ya nyumba hiyo Elizabeth aliitazama historia ya Italia. Tarehe 12 Septemba 1847, siku ya kutimia mwaka mmoja wa ndoa yao, watu wa Florence walipita barabarani kwa maelfu, wakiwa na bendera, kumshukuru mtawala wao kwa kuwaruhusu kuwa na askari wa mji. Mwezi Mei 1849, askari waliopita chini ya madirisha hayo walikuwa wa Austria. Mambo haya mawili ndiyo yaliyozaa utenzi wake ulioitwa kwa jina la madirisha hayo, uliochapishwa mwaka 1851. Jina lenyewe ni la haki kuliko pengine alivyokusudia. Aliipenda Italia kwa moyo wote, akaililia na kuitetea, lakini aliiona kwa sehemu kubwa kutoka dirishani. Marafiki waliopanda ngazi za Guidi jioni walikuwa Waingereza na Wamarekani. Waitalia waliokuwa wasiri wao walikuwa wa kuhesabika.

Mtoto wao wa pekee alizaliwa Machi 1849, na mwezi huo huo mama yake Robert akafariki London. Mwaka uliofuata, majira ya kuchipua yalileta kuagana kwa namna nyingine. Margaret Fuller, mwandishi wa Kimarekani aliyekuwa ameshiriki katika mapinduzi ya Roma, alikuwa anarudi kwao na mume wake Mwitalia, Ossoli, na mtoto wao mdogo. Jioni yao ya mwisho mjini Florence waliikalia katika nyumba ya Guidi, na Margaret akaacha Biblia iwe zawadi ya mtoto wake kwa mtoto wa mwenyeji. Mwezi Mei 1850 walipanda meli katika bandari ya Livorno. Meli hiyo ilikuwa na jina la Elizabeth. Ilivunjika mwezi Julai karibu kabisa na New York, nchi kavu ikionekana, na wote watatu wakafa. Kwa watu wa bara jambo hili ni msiba wa rafiki tu. Kwa wale wanaoishi ugenini lina maana ya kupungua kwa ukoo, kwa kuwa wao hawana watu wengine wa kuwategemea.

Safari kubwa iliwadia mwaka 1851. Mwanzoni mwa Mei waliondoka Florence, wakakaa karibu mwezi mmoja Venice. Elizabeth alifurahi mno. Jioni walikunywa kahawa katika uwanja wa San Marco, naye akasema moyoni kwamba angeweza kuishi pale daima. Lakini hewa ile ya maji iliyomstawisha yeye ilimnyima mumewe usingizi na chakula, na Wilson pia akaugua. Ndivyo ilivyo safari ya watu wengi: pepo imfaayo mmoja humchosha mwenziwe. Wakapita Milano na maziwa ya kaskazini, wakavuka milima ya Alps katika theluji, wakafika Uswisi, kisha Paris, na mwezi Julai wakawa London.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Makao yao yalikuwa Devonshire Street, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Wimpole Street. Arabella, nduguye mpenzi, alikuwa akija kumtazama. Marafiki walimiminika. John Kenyon, binamu yake mwenye ukarimu, ambaye tangu kuzaliwa kwa mtoto alikuwa akiwapa pauni 100 kila mwaka, aliwapokea kwa furaha. Lakini baba hakuja. Robert alimwandikia barua ya kumwomba, na jibu lililokuja lilikuwa la hasira; na pamoja nalo likaja fungu la barua zote ambazo Elizabeth alikuwa amempelekea baba yake kutoka Italia kwa miaka mitano. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Lakiri ilikuwa nzima juu ya kila bahasha. Baadhi zilikuwa na alama nyeusi ya msiba, ambayo yatosha kumfanya mzazi yeyote adhani kwamba pengine mtoto wake ana habari ya kifo. Naye hakuzifungua hizo pia.

Wengine wamemtetea mzee huyo kwa kusema kwamba aliongozwa na dini yake na huzuni ya kufiwa na mkewe. Utetezi huu ni dhaifu. Aliwakana watoto wake watatu kwa kosa moja la kuoa au kuolewa: Elizabeth, kisha Henrietta mwaka 1850, kisha Alfred. Mwaka 1855, Bwana na Bibi Browning walipokuwa London mara nyingine, yasimuliwa kwamba alimkuta mjukuu wake akicheza katika nyumba yake, akauliza ni mtoto wa nani, akaambiwa, akageuza maneno. Muda si muda jamaa ya nyumbani ikapelekwa Eastbourne, mbali na London. Mwaka uliofuata walipelekwa kisiwa cha Wight, na Elizabeth akamfuata Arabella huko huko.

Kwa hiyo ziara za marafiki hazikuwa anasa. Kila mlango uliofunguliwa ulikuwa badala ya ule mmoja uliofungwa. Ndiyo maana katika safari hizo tunawaona wakitafuta watu kwa bidii ambayo si ya watalii. Mjini Paris mwanzoni mwa mwaka 1852, Elizabeth alikwenda kumwona George Sand ingawa baridi ilikuwa adui yake. Mjini London Septemba 1855, Tennyson alikuja jioni akawasomea utenzi wake wa Maud, na Rossetti, aliyekuwapo, akamchora akisoma. Mjini Roma walikuwa na jamaa ya Story, mchongaji sanamu wa Kimarekani, na urafiki huo ulitiwa muhuri kwa kifo: Brownings walipofika Novemba 1853, mtoto mdogo wa Story alifariki siku iliyofuata, nao walikaa na wazazi wake badala ya kufungua masanduku. Wakati wa kuchipua wa mwaka 1854, watu hao hao walitoka pamoja na Fanny Kemble na dada yake kwenda kula chakula katika mbuga zilizouzunguka mji wa Roma.

Yafaa kukumbuka pia kwamba safari hizo zilibebwa na mikono ya mtu mmoja ambaye jina lake halikuandikwa katika kadi za mialiko. Wilson aliolewa mwaka 1855 na Ferdinando Romagnoli, mtumishi wa kiume wa nyumba hiyo, akajifungua mtoto wa kiume Oktoba mwaka huo huo. Mabwana wake waliporejea Italia, Wilson alirejea nao, na mtoto akabaki Uingereza kwa dada yake. Elizabeth, aliyelia kwa barua zisizofunguliwa, hakuona kwa wepesi kwamba mtumishi wake naye alikuwa na bahari kati yake na damu yake. Baadaye Wilson aliacha kazi hiyo akafungua nyumba ya kupangisha vyumba mjini Florence. Na mzee Landor, mtunzi wa miaka 84 aliyegombana na jamaa yake mwaka 1859, alipotafutiwa makao na Robert, alipelekwa kwa Wilson.

Baba alifariki Aprili 1857, katika majira yale yale, bila neno la msamaha. Kenyon alikuwa ametangulia Desemba, akiwaachia pauni 11,000. Yaani binamu aliwaachia urithi, baba akawaachia kimya.

Majira ya mwisho ya kuchipua waliyakalia Roma, mwaka 1861. Henrietta alikuwa amefariki Novemba, na Elizabeth alikuwa amedhoofika sana. Robert alikuwa akishinda katika karakana ya Story akijifunza kufinyanga udongo. Mwezi Mei, Hans Christian Andersen alifika mjini, akamtembelea Elizabeth, na shairi la mwisho alilolitunga ni juu ya kuja kwa mgeni huyo wa kaskazini katika nchi ya kusini. Katika karamu ya watoto iliyofanywa na Story katika jumba la Barberini, Andersen aliwasomea watoto hadithi ya bata mwenye sura mbaya, na Robert akawasomea shairi lake la mpiga zumari; kisha Story akashika filimbi yake na watoto wakamfuata kwa mstari, chumba kwa chumba.

Walikuwa wamekusudia kwenda Ufaransa kiangazi hicho kuonana na baba na dada wa Robert, lakini mwili wake haukuweza safari. Walirudi Florence mwanzoni mwa Juni. Tarehe 6 alifariki Cavour, waziri ambaye Elizabeth alimtegemea kwa uhuru wa Italia, na habari hiyo ilimvunja. Tarehe 29, kabla ya jua kupanda, alifariki mikononi mwa mumewe. Alizikwa Florence, katika makaburi ya Waprotestanti.

Robert hakukaa hata kiangazi kiishe. Aliondoka na mwanawe, pamoja na rafiki yao Isa Blagden, wala hakurudi Florence maisha yake yote, ingawa aliishi mpaka mwaka 1889 na alifia Italia, mjini Venice. Kabla ya kufunga nyumba alimwomba mchoraji George Mignaty achore sebule kama ilivyokuwa. Picha hiyo ipo: kuta za rangi ya kijani, vioo, makabati ya vitabu, na kiti cha Elizabeth karibu na meza yake ndogo, upande wa mlango wa roshani.