Charles Clos na Mpango wa Swichi za Simu

Yamkini wewe msomaji umepata kumpigia simu rafiki yako ukaambiwa kuwa njia zimejaa, na kumbe rafiki huyo ameketi kwake, simu yake i kimya, wala hazungumzi na mtu. Kosa si lako wala si lake. Kosa li katikati, mahali zinapounganishwa njia za watu wote. Na habari ya mtu aliyelipatia kosa hilo dawa yastahili kujulikana na kila apendaye hesabu.

Zamani kazi ya kuunganisha ilifanywa kwa mikono. Opereta aliketi mbele ya ubao wenye matundu, akauliza mtu amtaka nani, kisha akachomeka waya. Mwaka 1891 Almon Strowger wa Kansas City, Marekani, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa mazishi, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa swichi ijiendeshayo yenyewe. Husimuliwa kuwa aliudhika kwa sababu opereta aliwapelekea wapinzani wake simu za wafiwa! Kituo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa La Porte, Indiana, mwaka 1892. Baadaye zikaja swichi za vyuma vipishanavyo, ambazo mwaka 1938 zilianza kutumika katika kituo cha Brooklyn, New York.

Swichi hizo ni kama wavu. Njia za wapigao simu hulala, njia za wapigiwao husimama wima, na kila zinapokutana pana kiungo. Kiungo kikifungwa, watu wawili husikizana. Hebu piga hesabu. Watu 100 wakitaka kuwafikia watu 100 bila kuzuiana, hapana budi viungo viwe 10,000. Watu wakiwa 10,000, viungo ni 100,000,000. Kila kiungo ni madini, ni kazi ya fundi, ni fedha. Tena vingi vyake hulala bure mchana kutwa. Lakini kuvipunguza ovyo ni kuwafungia watu njia.

Clos alikuwa mtumishi wa maabara za Bell nchini Marekani. Mwezi wa Machi 1953 alichapisha makala kuonyesha kwamba viungo vyaweza kupunguzwa pasipo kumzuia mtu hata mmoja, mradi swichi ndogo zipangwe katika safu tatu. Tuwachukue wale watu 100. Wagawe katika makundi 10, kila kundi na swichi yake katika safu ya kwanza. Wapigiwao nao wagawe vivyo hivyo katika safu ya tatu. Kisha kila swichi ya safu hizo iunganishwe na kila swichi ya safu ya kati kwa njia moja tu. Je, swichi za kati ziwe ngapi?

Wengi wangejibu 10, nao wangekosea. Tuseme wewe ni wa mwisho kupiga simu katika kundi lako. Wenzako 9 wamekwisha kushika swichi 9 za kati. Yule umtakaye naye ana wenzake 9 wanaozungumza, nao, kwa bahati mbaya kabisa, wameshika swichi 9 nyingine. Hizo ni 18, na hapana hata moja iwezayo kukupitisha. Ya 19 ndiyo njia yako, wala hapana awezaye kukufungia. Sasa hesabu viungo: kila safu ina 1,900, jumla 5,700 badala ya 10,000. Kwa watu 10,000 jumla ni 5,970,000.

Usidhani kwamba mpango huu hufaa popote. Watu wakiwa 25, wagawanywe watano watano, huhitaji viungo 675, hali wavu mmoja ungetosheka na 625. Wakiwa 36, faida huonekana kidogo: 1,188 badala ya 1,296.

Swichi za vyuma zimekwisha kuondolewa, bali mpango haukufa. Katika mitambo mingi mikubwa ya mtandao, kadi zipokeazo nyaya za nje ndizo safu ya kwanza na ya tatu, na kadi nyingine ndani ya kabati ndizo safu ya kati. Fundi akichomoa moja ya hizo za kati, mtambo hausimami, ila habari zote hubanana katika zilizobaki. Mwaka 2015 wahandisi wa Google walieleza kuwa kwa miaka kumi walikuwa wakiijenga mitandao ya vituo vyao vya kompyuta kwa mpango wa Clos. Na kwa kuwa habari za kompyuta hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikapita njia yake, mitandao ya siku hizi mara nyingi huenda vizuri hata ikiwa na swichi za kati chache kuliko zile alizodai Clos kwa ajili ya simu.